Kaka Wawili na Kitenzi cha Kusamehe

Nyie, mshawahi kuona watu wanaacha kusalimiana kwa sababu ya neno "kusamehe"?

Kijijini kwetu Lesvos, kisiwa cha Ugiriki, limetokea. Tena ndani ya ukoo wangu mwenyewe.

Baba yangu, Stratis, anaimba kanisani upande wa kushoto. Bamkubwa Ignatis, kaka yake, mwalimu mstaafu wa dini, anaimba kulia. Huyu anaimba mstari, yule anadaka unaofuata. Mbele za Mungu wanapokezana vizuri kabisa. Wakitoka nje, kila mtu na njia yake.

Kisa? Kitenzi cha Injili ya Kigiriki, afiemi, yaani kusamehe. Baba alisema maana yake ni kuachilia, kama wale wavuvi walivyoacha nyavu wakamfuata Yesu. Bamkubwa akasema ni kufuta, kosa lisibaki hata alama.

"Umesomea wapi wewe?" akamwambia mbele za watu.

Basi, miaka tisa ya kununiana.

Mwaka huu Baba akaambiwa lazima apasuliwe moyo, Athens, Jumanne. Roho yangu ikawa juu juu. Akifa hawajapatana, je?

Jumapili jioni, kesho yake Kwaresima yetu Waorthodoksi inaanza, tukawa na ibada ya kuombana msamaha. Mnapanga mstari, kila mtu anamwinamia mwenzake.

Bamkubwa akafika mbele ya Baba. Akaganda. Mstari mzima ukakwama.

Nyuma yangu mke wa padri akanong'ona, "Jamani, mikate ya jibini inapoa, na kesho jibini marufuku!"

Bamkubwa akainama. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwa maana ipi?" Baba akauliza. "Yako au yangu?"

Mama wa Mungu! Nilitamani nimzibe mdomo.

Machozi yakamtoka Bamkubwa. "Yako, Stratis."

Wakakumbatiana. Kanisa zima likalia, mie ndo usiseme.

Upasuaji ukaenda salama. Baba alipozinduka, Bamkubwa alikuwa kamshika mkono.

"Kaka," Baba akasema kwa shida, "nimefikiria sana. Wewe ndiye ulikuwa sahihi. Ni kufuta."

"Hapana, ni kuachilia. Nimerudia kusoma."

"Nakwambia ni kufuta!"

"We Stratis, usinibishie! Mwalimu ni mimi au wewe?"

Nesi akamtoa Bamkubwa nje.

Sasa ni miezi miwili hawasalimiani. Safari hii kila mmoja anatetea maana ya mwenzake, tena kwa hasira zaidi.

Ndugu yangu unayesoma, ukigombana na mtu, msamehe kwanza. Kamusi utaifungua baadaye.