Mhunzi Aliyeingoja Siku ya Bwana

Mume wangu Mabula alikuwa mhunzi huku Geita, na alikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Utakuwa unamsimulia habari ya mtoto anayeumwa, kumbe mwenzio yuko mbali, anautabasamia moshi. Mwaka 1951 mwalimu wa dini, Donatus, alitusomea maono ya nabii Isaya: siku za mwisho mataifa yatafua panga ziwe majembe, na mikuki iwe miundu. Loo! Ningejua, ningemziba masikio.

"Mama Makoye," aliniambia njiani, macho yamelegea, "hiyo mikuki yote ataifua nani? Si sisi wahunzi?"

Tangu hapo akaacha kutengeneza mikuki. Akawa anachoma mkaa na kuulundika nyuma ya nyumba, akiba ya Siku ya Bwana. Usingizini aliwaona watu wakishuka mlimani, kabila kwa kabila, mikuki mabegani, naye akivukuta moto bila kuchoka, chuma kikilainika kama ugali. Akiamka ananisimulia yote, taratibu, nami nasikiliza huku najua ndani hamna hata chumvi. Majembe watu walinunua dukani. Mikuki ndiyo iliyotulisha. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Lakini nisiseme uongo, ile ndoto nami niliipenda.

Kisha ng'ombe wa kaka yangu Maige wakaibwa wote. Wanaume wakaja kibandani kwetu na majembe yao, mwanetu Makoye akiwa mbele. Walitaka yafuliwe mikuki, wawafuate wezi kabla jua halijazama.

"Shemeji," Maige alisema, "nabii Yoeli naye kasema majembe yafuliwe yawe panga. Muulize mwalimu wako."

Donatus alikuwa amewafuata ili awazuie. Akakiri kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mabula akamgeukia kama mtoto aliyepotea mnadani.

"Mwalimu, sasa tushike neno lipi?"

"Yoeli anayaita mataifa yenye kiburi yaje kwenye hukumu," Donatus alijibu, jasho likimtoka. "Isaya anaonyesha amani itakayofuata. Na Zekaria anamtaja yule waliyemchoma. Sisi tunamjua ni nani. Mkuki ulikwisha kuingia ubavuni mwa Kristo, Mabula. Saa ya mwisho siijui, ila sisi tunaishi baada ya mkuki ule."

"Maneno matupu!" nilipiga kelele mimi. "Wafulie! Ng'ombe ni wa ndugu yangu!"

Mabula alinitazama kwa upole ulioniudhi zaidi. Alijua kwamba akikataa yeye, Makoye angefua mwenyewe, maana alikwisha kumfundisha kazi. Basi akachukua kisu, akaichana mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto aliyoachiwa na baba yake. Akachana wa kwanza, akachana wa pili. Makoye akaketi chini akalia kwa hasira. Bila mikuki hawakwenda popote. Ng'ombe hawajarudi mpaka leo, na mwanangu yupo.

Watu walipotawanyika, hasira ikaniishia ghafla, nikamwonea huruma mpaka kifua kikauma.

"Baba Makoye, sasa Siku ile ikifika, utafanya nini?"

"Kufua watafua wengine," alisema. "Mimi itanitosha kuwapo."