Masikio ya Sudi

Sebule ya Madamu Karolina ilinukia kahawa na mafuta ya kung'arishia mbao. Kila nikizipata harufu hizo mbili pamoja, narudi Muaither, pembezoni mwa Doha, likizo ya kiangazi nilipokuwa na miaka kumi. Baba alikuwa mpishi wa hoteli; tulihamia Qatar kutoka Tanga nikiwa bado mdogo. Mama alifanya usafi nyumbani kwa Madamu, mwalimu wa Kimarekani aliyeishi peke yake, na kwa kuwa shule zilifungwa, alikwenda nami. Nilisoma shule ya Kiingereza, hivyo nikawa mkalimani wao. Mama alijua Kiarabu cha dukani; Madamu hakujua neno la Kiswahili ila "asante", na alilitumia kwa kila jambo.

Juu ya kabati la vitabu ilitundikwa picha ya kale ya rangi za mafuta, iliyotoka kwao Marekani: msichana mdogo mwenye gauni jekundu na kola ya lesi, amempakata paka. Haikuchorwa kwa ustadi wa vyuoni. Kichwa kilikuwa kipana kuliko mabega, vidole vimenyooka kama njiti, na paka alikuwa na uso wa mzee aliyenuna. Lakini macho yalikuwa hai, yalinifuata kila nilikokwenda. Mama alipangusa kila kitu chumbani mle isipokuwa picha ile. Niliona anavyoipa mgongo, nikadhani anaiogopa kama mimi.

Siku moja Madamu alinikuta nimeikodolea macho, akanieleza. Msichana yule alikuwa wa ukoo wake, dada wa bibi wa bibi yake. Zamani hizo wachoraji walizunguka vijijini wakichora watu kwa malipo ya chakula na malazi, na wengi hawakufundishwa na mtu. Mchoraji wa picha ile aliitwa mtoto akiwa amekwisha kufariki. Wazazi walimsimulia alivyokuwa, na kwa macho akaazima ya mama mtu. Mama, aliyekuwa akipiga pasi, aliuliza tunazungumza nini. Nilisita. Nilijua nina kaka aliyeitwa Sudi, aliyefariki kwa homa Tanga kabla sijazaliwa, ila jina lile kwetu lilitajwa kwenye dua tu. Hata hivyo nilimweleza yote. Mama akaizima pasi, akaitazama ile picha moja kwa moja.

"Mwambie na mimi ninaye," alisema. "Mwambie wangu hana picha hata moja."

Kumbe yeye na Baba walipanga kumpeleka Sudi studio kupigwa picha sikukuu ya Idi, na Idi haikumkuta. Madamu hakumwaga maneno ya pole. Alimkalisha Mama, akamtengenezea kahawa yeye mwenyewe, kisha akaleta karatasi nene na penseli za rangi, akaziweka mbele yangu. Nilisema sijui kuchora. Akanionyesha vile vidole vya njiti na yule paka aliyenuna.

"Hata mchoraji huyu hakujua," akasema. "Muulize mama yako, uchore atakachokuambia."

Basi likizo ile, kazi ikiisha, Mama alinisimulia kaka yangu. Paji pana. Jino la mbele lililochelewa kuota. Kovu kidevuni, alipojigonga kwenye kinu. Kuna siku alicheka mpaka akashika ubavu akikumbuka Sudi alivyowafokea kuku wa jirani. Kuna siku aliifunika karatasi kwa kiganja, tukaacha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mimi nami niliuonja kidogo kwa ncha ya penseli.

Baba tulimficha. Alikuwa mtu wa msikiti, na aliamini malaika hawaingii nyumba yenye picha za viumbe ukutani. Jioni moja akaikuta karatasi mezani. Alikaa, akaisogeza kwenye mwanga wa taa.

"Masikio hayakuwa hivi," alisema polepole. "Yalichomoza. Nilikuwa nikimtania kwamba upepo utambeba."

Akavuta kiti karibu yangu, akanielekeza kwa kidole. Kuhusu ukuta hakubadili msimamo. Picha ililazwa kabatini kati ya kanga za Mama. Lakini tangu jioni ile Sudi alitajwa kwetu wakati wa kula, kama mtu mwingine yeyote wa nyumbani.

Mkataba wa Madamu ulipokwisha, alirudi kwao na msichana wake wa pichani, na sikumwona tena, ila hakuna mwalimu ninayemshukuru zaidi. Sasa niko Tanga, nina watoto wawili, na simu yangu imejaa picha zao wakila, wakilala, wakinuna. Nashukuru kwa hilo pia. Mama angetoa chochote apate moja tu ya namna hiyo. Lakini mtu akiniuliza wanangu wakoje, nampa simu na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi wakati ule hatukuwa na cha kuonyesha, ikabidi tusimulie. Watu hunionea huruma kwamba nililelewa ugenini, mbali na ndugu. Nami huwajibu kwamba ugenini ndiko nilikojuana na kaka yangu.