Msimamizi wa Tasnifu Yuko Mashineni

Wiki iliyopita nilipeleka alizeti yetu kukamuliwa mjini Singida. Mwenye mashine ni mhadhiri wa chuo chetu. Tangu serikali iruhusu biashara huria, chuoni haonekani. Mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili alikuwa amemfuata huko na tasnifu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Lete nitie saini, wateja wananisubiri."

Binti akaificha tasnifu mgongoni. "Hujaisoma. Ya kwanza ulitia saini hivihivi, watahini wakaniangusha. Nikianguka tena nafukuzwa."

"Nitaisoma jioni."

"Hata mwaka jana ulisema jioni."

Mama mmoja wa Ilongero, aliyekalia gunia lake, akadakia: "Msomee mtoto wa watu, bwana! Alizeti yangu haiozi."

Daktari akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea tasnifu, akaifungua katikati, penye sura ya wenye mashine wanaowapunja wakulima. Akakunja uso. "Hapa una ushahidi gani?" Akaomba kalamu, akavuta kigoda.

Tulisubiri mpaka mashine ikapoa, na hakuna aliyelalamika. Wanafunzi wenzangu, acheni kubisha hodi kwenye ofisi tupu. Andikeni kuhusu biashara ya msimamizi wenu, atawasoma.