Hitima Aliyoahidiwa Bi Zuwena

Bi Zuwena alipokuwa mgonjwa pale Mtendeni, bintiye Saleha alimwahidi kwamba akifa, siku ya arobaini watu watakusanyika wamsomee hitima ya Kurani. Lakini Murtadha, mtoto wa Saleha, aliporudi kutoka masomoni Uarabuni, akakataza. "Mama, hiyo ni bidaa, jambo lililozuliwa katika dini. Mnafuata tu mazoea ya wazee." Saleha aliishia la saba, angebishana vipi na mtoto aliyekaa mbele ya masheikh wakubwa? Basi hakualika mtu.

Asubuhi ya arobaini, mzee Hamdun, kaka wa marehemu, akafika na basi la Sikonge, mkononi dumu la asali ya wasomaji. Akaangaza macho uani.

"Mikeka iko wapi, mwanangu? Au nimekosea siku?"

"Hujakosea, mjomba. Hatusomi. Murtadha anasema haifai."

"Haifai! Kumbe babu yako naye, tulipomsomea hitima, tulimzika kienyeji?" Mzee akacheka, kisha akaacha. "Na dada yangu ulimwambiaje?"

Saleha akainamisha kichwa. "Nilimwambia tutamsomea."

Mzee hakumgombeza. Akatawadha, akaketi barazani peke yake, akaanza kusoma sura ya Yasini kwa sauti ya kukwaruza. Murtadha akatokea mlangoni, akamkazia mama yake macho. Saleha akajifunika mtandio, akampita, akaenda kuketi nyuma ya mjomba wake. Sura ile aliihifadhi tangu utotoni, na aliyemfundisha ni mama yake, lakini kila alipoanza aya, kilio kilimkatiza. Akabaki analia, akimwomba marehemu radhi.