Mstari wa Nne

Alipokuwa na miaka kumi na minne, msusi huyu aligawa nywele bila kupimia. Chanuo lilitembea kutoka utosini mpaka kisogoni kama maji yanayoujua mtaro wake, na mteja akasinzia mapajani mwake. Siku hizi, tangu muuza sigara wa pembeni mwa saluni amzoeshe bangi, eti imchangamshe, anasuka mistari mitatu, wa nne unampotea. Anaufumua, anacheka peke yake, anasuka tena, na unapotea palepale. Mama yake mkubwa, mwenye saluni, humtazama akiwa ameuma meno kama aliyekutana na kokoto kwenye wali.

Leo mtoto wa jirani alilia, "Dada, unaniumiza!" Kofi likamtua shavuni kabla msusi mwenyewe hajajua kuwa amekasirika. Akabaki akiutazama mkono wake kama kitu cha kuazima.

"Sikutaka, mama. Umetangulia wenyewe."

"Umetangulia! Kwani mkono una miguu?" Mama mkubwa akamfuta mtoto machozi, akampeleka kwao na kuomba radhi, akarudi. "Mungu alikupa akili itangulie mbele ya mkono. Yule asiye na haya anakuuzia moshi wa kuipofusha, na wewe unamwita anko!"

Akakivua kilemba chake, akaketi mkekani miguuni pa msusi, akainamisha kichwa chenye mvi.

"Haya, nisuke mimi. Hasira ikikupanda, piga hapa. Lakini hatunyanyuki mpaka mstari wa nne uishe."