Vidole Viwili Chini ya Futi

Jumapili asubuhi, chai haijachemka, fundi cherehani anayejulikana mtaani kama Mama Pindo amesimama sebuleni kwake, ameinua mikono kama mtoto anayevishwa shati. Leo futi haiko shingoni mwake. Ameishika wifi yake, mdogo wa mumewe, msusi wa chumba cha pili.

"Achia tumbo, wifi. Nimekuona ulivyojibana."

"Sijajibana. Ndivyo nilivyo."

"Achia, bwana!"

Tumbo linaachiwa. Msusi anapima shingo, kiuno na nyonga, anaingiza namba kwenye simu pamoja na urefu, na jibu linatoka: mafuta ni asilimia thelathini na sita ya mwili wa fundi. Ni makadirio tu, simu yenyewe inaonya, lakini fundi anaitazama kwa jicho baya.

Mchezo huu aliuleta fundi mwenyewe, baada ya kusikia kwa mteja. Nani angemshinda kushika futi? Mwanzoni walipimana wakicheka. Kisha msusi akaanza kupungua, na kicheko cha fundi kikakatika.

"Tunakula chungu kimoja," fundi anamwambia mwandishi wa makala haya. "Yeye thelathini na tatu, thelathini na moja, thelathini. Mimi nimeganda palepale. Halafu mume wangu anasema mezani, 'Mdogo wangu amependeza siku hizi.' Na mimi niko hapohapo, mwiko mkononi! Roho iliniuma, sikufichi."

Mafundi wakipima kiuno cha gauni huingiza vidole viwili chini ya futi, nguo isije ikambana mtu akikaa. Kipimo cha mafuta hakitaki vidole. Futi hulala kwenye ngozi. Mama Pindo alilijua hilo vizuri sana. Jumapili iliyofuata, kiunoni kwa wifi yake, vidole vikaingia.

Thelathini ikawa thelathini na mbili.

"Nilimwambia pole," anakumbuka, "na moyoni napiga vigelegele."

Akarudia Jumapili nyingine, na nyingine. Msusi akaacha chakula cha usiku, kisha cha mchana. Siku moja akiwa kazini macho yakaingia giza, akadaka kiti cha mteja asianguke.

"Nilimpelekea uji, akaukataa. Akaniambia, 'Utaninenepesha.' Nikarudi kwenye cherehani, nikashindwa hata kutunga uzi."

Hata hivyo hakukiri. Wivu ulimshinda.

Kilichomuumbua ni kazi yake mwenyewe. Msusi alimletea kitambaa amshonee gauni la harusi ya rafiki. Kwa kipimo cha uongo lingepwaya, na mtaa mzima ungeuliza limeshonwa na nani. Hilo fundi hakuliweza. Akakata kwa kiuno cha kweli, na gauni likamkaa msusi sawasawa, bila mkunjo.

Msusi akajitazama kwenye kioo, halafu akageuka polepole.

"Wifi, kiuno unachonisomea kila Jumapili hakiwezi kuingia humu. Ulikuwa unanipimaje?"

Fundi akainua vidole viwili. "Nilikuonea wivu."

Wiki nzima msusi hakukanyaga sebuleni kwa fundi. Aliporudi, alinyoosha mkono akadai futi. Tangu hapo hupima yeye, na mezani anakula kama watu wengine.

Je, wivu umeisha?

"Nani kakudanganya?" fundi anamjibu mwandishi. "Akipita na lile gauni bado nageuza uso. Ila futi nimemwachia, maana mkono wangu siuamini."

Juu ya cherehani kuna kitambaa kilichobaki cha gauni hilohilo. Miaka yote Mama Pindo amewashonea wenzake viuno, yeye akivaa magauni mapana yasiyo na umbo. Sasa anataka lake lenye kiuno, akiwa na asilimia hizohizo, bila kungoja zishuke.

Msusi anamzungushia futi tena.

"Kipimo hiki ni cha mafuta au cha gauni?" anauliza.

"Cha gauni, wifi."

Msusi anaingiza vidole viwili.