Unaisi Anabadili Mafuta ya Giaboksi

Unaisi hajui kukaa. Hata ukimkaribisha kiti nyumbani kwako atakaa ukingoni, mkono mmoja mgongoni mwa mtoto, macho mlangoni, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Wenzake kule mteremkoni, juu ya mashamba ya miwa ya mji wa Ba, wamekwisha kumzoea. Humwambia kwamba siku akifa watalazimika kumfunga kamba ndani ya jeneza. Yeye hucheka kidogo, kisha huinuka kwenda kugeuza nguo kambani.

Jumatano ile alikuwa amelizunguka gari tangu asubuhi, hata kuku wakaacha kumpisha. Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha, mojawapo ya yale yatokayo Japani yakiwa yameshatumika, yanayokwenda kwa petroli na betri kwa pamoja. Mumewe, Ropate, alilinunua kabla hajaenda Australia kuchuma matunda, akamfundisha kuliendesha katika njia za matrekta. Siku hizo lilitambaa kimya kama paka. Sasa lilikuwa na mluzi, sauti nyembamba chini ya miguu, inayopanda kila gari lipandapo. Safari ya mwisho kutoka mji wa Lautoka mluzi ulizidi, mpaka mtoto wake Losa, kwenye kiti chake cha nyuma, akawa anageuza kichwa kuutafuta.

Na safari ya Lautoka haikuwa ya kuahirisha. Losa alizaliwa mguu wa kushoto umepinda ndani, unyayo ukiutazama mguu wa pili. Kila Alhamisi pale hospitali waliikata plasta ya chokaa, daktari akaunyoosha mguu kidogo kwa mikono yake, wakaufunga tena. Mwezi uliopita Unaisi alitegemea basi mara moja tu. Basi lilizunguka vitongoji vyote, akafika daktari ameshaondoka. Katika wiki ile ya kungoja plasta ikalegea na kuteleza, mguu ukarudi ulikotoka.

"Mama," daktari alimwambia, "tukipoteza wiki nyingine tunaanza mwanzo. Na safari hii huenda ikabidi kisu."

Neno hilo la kisu lilikuwa likilala naye kitandani. Teksi za pale asubuhi hubeba wanafunzi kwanza. Fundi wa mjini alisema alete gari wiki ijayo. Mafuta mapya ya giaboksi yalikuwa uvunguni, makopo mawili aliyoyaacha Ropate. Basi akamlaza Losa kivulini barazani, akavaa fulana kuukuu ya mumewe, akalipandisha gari juu ya magogo makuukuu ya reli ya kubebea miwa. Ropate aliyapanga magogo hayo uani mistari miwili, ili gari lisimame sawasawa na mtu apite chini yake. Alilizima, akaupeleka ufunguo ndani ya nyumba, mbali, kwa sababu gari la namna ile likiwa na ufunguo karibu laweza kuamka lenyewe. Akaingia chini kwa mgongo.

Kazi yenyewe alikwisha kuiona. Alimshikia Ropate tochi mara ya kwanza. Giaboksi ina vizibo viwili: cha juu cha kujazia, cha chini cha kumwagia. Na Ropate alikuwa na wimbo mmoja: "Cha juu kwanza. Usikiguse cha chini kabla cha juu hakijalegea." Unaisi aliujua wimbo ule neno kwa neno.

Tatizo lilikuja na miguu miwili mikubwa, isiyo na viatu, ikasimama karibu na kichwa chake.

"Mtani, nani kakugonga na gari lako mwenyewe?"

Alikuwa Pauliasi, jirani wa nyumba ya chini. Kijiji cha kina Unaisi na kijiji cha kina Pauliasi ni watani tangu enzi za mababu, na utani huo hauna mahakama. Mtani hukutukana apendavyo, huchukua chako mbele ya macho yako, na ukinuna umeshindwa wewe. Tangu Unaisi aolewe mteremkoni, Pauliasi alishachukua kuku aliyekwisha kunyonyolewa, mkeka mpya, na siku moja kikaango kikiwa bado na mayai ndani. Unaisi hajawahi kuchukua hata kijiti chake. Ulimi alikuwa nao. Mkono ndio uliokuwa mzito, maana alilelewa na bibi aliyemfundisha kuomba hata maji.

"Nenda zako, Pauliasi. Nina kazi."

"Kazi? Kwenu hata kopo la samaki mnalifungua kwa jiwe."

"Na kwenu mnalingojea lifunguke lenyewe."

Pauliasi akachuchumaa, akawasha sigara. "Haya, fungua nione. Nakupa muda wa sigara hii. Ikiisha hujafungua, nakwenda kumwambia Ropate arudi apike, wewe ukachume matunda."

Unaisi akapeleka spana kizibo cha juu. Kilikuwa kimejificha ubavuni, mkono haukupata pa kujitanua, spana ikagoma. Akaangalia sigara ya Pauliasi. Ilikuwa imebaki nusu. Kizibo cha chini kilikuwa hapo hapo mbele ya pua yake, kisafi, wazi. Akakivisha spana, akasukuma, kikalegea kama kilikuwa kikimsubiri. Mafuta yakashuka ndani ya beseni. Mafuta ambayo yakiwa mapya ni mekundu kama sharubati, sasa yalikuwa meusi, mazito, yana harufu ya kitu kilichoungua.

"Haya, sigara yako iko wapi?" akauliza.

"Mtani umeweza," Pauliasi akasema, na sauti yake ilikuwa na heshima kidogo. Akainuka, akalichukua chane la ndizi lililoning'inia mlango wa jikoni, akaondoka nalo akipiga mluzi.

Unaisi akabaki anayatazama mafuta yakimalizika kudondoka. Hapo ndipo wimbo wa Ropate ulipomrudia.

Akakirudia kizibo cha juu. Akakivuta kwa mkono mmoja, kwa miwili. Akakigonga kwa nyundo kwa upole, akakinyunyizia dawa ya kutu, akatoka nje, akamtazama Losa, akarudi, akavuta tena. Hakikusogea unywele. Na gari sasa lilikuwa kavu. Hata kama angetaka kuyarudisha yale mafuta meusi ili afike tu Lautoka, pa kuyapitishia ni kwenye kizibo kile kile. Akasimama. Akakaa. Akaosha mikono, akaingia tena chini, ikachafuka upya. Jua lilikuwa limeshapita katikati.

Ropate hupigiwa simu wakati wa chakula cha mchana tu, na saa za kule ziko nyuma. Unaisi alipiga mara tatu kabla ya wakati huo, bure. Mwishowe ikapokelewa, nyuma yake kelele za wanaume na sahani.

"Nimefungua," Unaisi akasema.

"Cha juu?"

Unaisi akaifuta spana kwa fulana.

"Unaisi."

"Cha chini."

"Wewe mwanamke. Nilikuambiaje?"

"Pauliasi alikuwa ananichokoza."

"Pauliasi ndiye anayekwenda kliniki?"

Hilo lilimwuma, na Ropate akalisikia kwa namna alivyovuta pumzi. Akashusha sauti. "Basi, mama Losa. Sikiliza. Usikivute kwa pupa, spana ikiteleza ikala pembe zake, tumekwisha. Tafuta bomba la chuma, refu. Livishe mkono wa spana, halafu kanyaga polepole. Hicho mimi nilikikaza kwa bomba."

"Kwa nini ulikikaza namna hiyo?"

"Ili kisifunguke."

"Hongera," Unaisi akasema, akakata simu.

Bomba. Akazunguka nyumba. Kulikuwa na mianzi, kulikuwa na mpini wa mopu ya kudekia, ambao aliujaribu ukavunjika kama biskuti. Akaenda hadi nyuma ya choo. Hakuna. Losa akaamka, akalia, akamnyonyesha akiwa amesimama, anatembea, plasta nzito ya mtoto ikimgonga nyongani. Alipofika ukingo wa ua akatazama chini kwa Pauliasi, akasimama.

Pauliasi alikuwa na kibanda chake cha kunywea yaqona, kile kinywaji cha mizizi, paa la mabati juu ya nguzo nne. Nguzo tatu zilikuwa miti. Ya nne, ya upande wa huku, lilikuwa bomba la maji.

Unaisi alimaliza kumnyonyesha Losa. Akaichukua sepetu. Ukingoni mwa ua alisita, akageuka nusu kama anayetaka kurudi, maana bibi yake alikuwa bado yumo ndani yake akisema omba, mwanangu, omba kwanza. Lakini ukiomba, mtani hukunyima kwa kicheko, na kicheko kile kingekula jioni nzima. Akashuka.

Wanaume watatu walikuwa wamekaa kuzunguka bakuli, Pauliasi na wenzake wawili wakata miwa. Ndizi zake zilikuwa pale, maganda tu.

"Mtani kaja kulipa deni la sigara," Pauliasi akasema.

"Nishikie huyu," Unaisi akasema, akamweka Losa mapajani mwake, plasta na yote. Pauliasi, asiyeogopa mtu, humwogopa mtoto mchanga; akaganda, mikono wazi. "Nyinyi wawili, shikeni paa."

"Kwa nini?"

"Lisimwangukie mtoto."

Wakashika kabla hawajafikiri. Unaisi akachomeka sepetu chini ya nguzo.

"Mtani. Hiyo ni nguzo ya nyumba yangu."

"Ilikuwa."

"Paa litakaa juu ya nini?"

"Utasimama wewe. Urefu unao, na kazi huna."

Mmoja wa wale wakata miwa alicheka mpaka mabati yakatetemeka mikononi mwake. Pauliasi alifungua kinywa. Unaisi alimwona akitafuta neno, uso umeanza kukunjamana, na mtu anayenuna mbele ya mashahidi wawili angesimuliwa mpaka vijiji vyote viwili. Akafumba kinywa. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, na Losa akatikisika nalo, akacheka pia kwa sababu alidhani ni mchezo wake.

"Na hayo mabati nitayafuata kesho," Unaisi akasema. Udongo ulikuwa mbichi kwa mvua. Bomba likatoka.

Alirudi juu na Losa kiunoni na bomba begani. Hakujua kama aliyonayo ni aibu au furaha, na hakukaa kulichunguza. Akalivisha bomba mkono wa spana, akalala chali, akaegemeza bega kwenye gogo na kuweka unyayo juu ya bomba. Akakanyaga polepole. Hakuna. Akaongeza. Chuma kikalia, sauti ndogo kavu, akadhani pembe zimelika. Akakipapasa kizibo kwa kidole. Kilikuwa kimezunguka.

Yaliyobaki hayakuwa na ubishi. Alifunga cha chini kwa washa mpya, kile kipete cha kuzuia mafuta yasivuje, akapitisha mpira mwembamba wa kumiminia kutoka juu kupitia kwenye injini hadi tunduni, akaukwepesha na zile nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme mkali wa betri, akamimina kwa faneli kidogo kidogo, akikimbia juu na chini kuangalia, mpaka mafuta mekundu yakaanza kuchuruzika tunduni. Yakishachuruzika yametosha. Akafunga cha juu. Akakikaza kwa mkono wake tu, bila bomba.

Jua likiwa bado lipo alilishusha gari, akazunguka nalo njia za miwa dirisha likiwa wazi, shingo imepinda kusikiliza. Mluzi ulikuwepo, lakini mbali, kama wa mtu anayepiga chini kwa chini. Akazunguka tena. Akachungulia chini ya gari kama panadondoka. Palikuwa pakavu. Hata hivyo aliamka usiku kwenda kupapasa ardhi pale.

Alhamisi walifika Lautoka mlango wa kliniki haujafunguliwa. Jina la Losa likaitwa. Wakaikata plasta, na ule mguu mdogo, mweupe kwa vumbi la chokaa, ukalala mezani. Daktari akaushika. Unyayo haukuutazama tena mguu wa pili. Ulitazama pembeni, karibu mbele.

"Haukurudi," akasema. "Tunaendelea."

Unaisi aliombwa aushike mguu namna ile ile wakati wanazungushia bandeji mbichi. Muuguzi aliona kucha zake, nyeusi mpaka ndani ya nyama, akazitazama, akaendelea kuzungusha. Chokaa ikapata joto, ikaanza kuwa ngumu chini ya vidole vyake. Losa akasinzia.

"Mama," muuguzi akasema baada ya muda, "unaweza kuuachia sasa. Imekauka."

"Naam," Unaisi akasema. Akaendelea kuushika.